Chumba Kumi na Nne, Upande wa Nyuma

Kosa ni langu, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Mimi ndiye niliyepiga simu Lincoln nikaomba chumba cha nyuma. Kaka yangu Roland alikuwa anakufa, na alikuwa anataka kitu kimoja tu, kusikia kengele za kanisa lake zikipigwa. Mimi nikamtafutia chumba pekee katika hoteli nzima ambacho kengele haziingii. Tena nilikitafuta kwa bidii.

Kupanga mambo najua. Nina diploma ya upishi, na kwa miaka kumi na tisa nimelisha watoto mia nne kila siku ya shule pale Louth bila hata mmoja kufa, ingawa kuna Jumatano moja ya samaki tulikaribia. Kwa hiyo Roland aliposema, mwezi wa tisa ule wa mwaka tisini na sita, kwamba angependa kulala Lincoln mara moja zaidi, nilichukua kalamu.

"Wapi hasa?" nikamuuliza.

"Kule juu kilimani, karibu na kanisa la Oswin. Popote tu, Gaynor. Usihangaike."

Basi. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza neno. Ndivyo tulivyo sisi. Baba yetu alivunjika mguu akakaa nao siku mbili kwa sababu daktari alikuwa na wageni. Kwetu mtu akikuuliza unataka nini, unajibu "chochote tu", halafu unakaa unaomba Mungu mwenzako akisie.

Roland alikuwa fundi wa mapaa. Vumbi la asbesto lilimla mapafu taratibu, miaka na miaka, na wakati huo alikuwa anavuta hewa ya mtungi kupitia kimpira cha puani. Daktari alikuwa amesema wiki, hakusema ngapi. Kwa miaka thelathini, kabla ya kuja kukaa kwangu, Roland alipiga kengele kanisa la Mtakatifu Oswin, kengele ya saba. Hilo nililijua. Nilijua kama unavyojua namba ya viatu vya ndugu yako. Unaijua, lakini huifikirii.

Nikaandika orodha nyuma ya karatasi ya chakula cha wiki. Lifti. Bafu lenye vyuma vya kushikia. Kitanda cha kuinuka kichwani. Uji wa shayiri uletwe chumbani. Nikapiga simu hoteli tano. Moja wakaniambia lifti hawana, ila wana ngazi nzuri sana. Nikawaambia kaka yangu atafurahi kuziangalia.

Ya tano ilikuwa na kila kitu, tena mkabala na Oswin kabisa. Sikuichagua kwa ajili ya Oswin. Niliichagua kwa ajili ya lifti. Na nilikuwa karibu kukata simu nilipomkumbuka Lorraine, yule ninayefanya naye kazi jikoni, ambaye aliwahi kulala pale na mumewe siku yao ya ndoa. Alirudi macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Zile kengele, dada!" alituambia. "Kama kulala ndani ya sufuria halafu mtu anaipiga mwiko. Ukienda, omba chumba cha nyuma."

Roland wangu siku hizo hata televisheni ya jirani ilimtesa. Nikamwambia binti wa mapokezi, Imogen, kwamba nataka chumba chenye utulivu kuliko vyote.

"Kuna namba kumi na nne, nyuma kabisa," akasema. "Vioo vitatu dirishani, na halifunguki. Humo ni kimya kama kaburini."

"Hicho hicho, mpenzi," nikasema, na nikacheka.

Tulifika Ijumaa. Roland alipoliona Oswin limesimama pale mbele ya mlango wa hoteli, mnara na saa yake na njiwa wake, alinishika mkono. Roland hajawahi kunishika mkono isipokuwa kunivusha barabara.

"Umefikiria kila kitu," akasema.

Nikavimba kichwa. Nikasukuma kiti chake cha magurudumu kwenye lifti, nikampitisha kwenye vyumba vya mbele vyote, namba tatu, nne, tano, nikaenda naye mpaka mwisho wa korido. Chumba kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Taulo nne. Biskuti kwenye kisahani. Yeye akaangalia dirisha, na pazia lake, na ule ukuta wa mawe mnene kama wa gereza.

"Linafunguka?"

"Halifunguki!" nikasema kwa fahari. "Vioo vitatu. Hutasikia hata inzi."

Nina macho makali, watoto hawawezi kunificha hata kipande cha keki mfukoni. Niliona uso wake umeshuka. Nikasema ni safari imemchosha.

"Chumba kizuri, Gaynor," akasema. "Kizuri sana. Ahsante."

Kesho yake, Jumamosi, saa saba na nusu mchana, akaja Hedley. Hedley alipiga naye kengele miaka yote hiyo, mzee mfupi wa masikio makubwa, na siku hiyo alikuwa amefunga tai. Alileta mkate wa matunda umefungwa kwenye kitambaa.

"Unaonekana vibaya sana," akamwambia Roland.

"Na wewe unaonekana kama unakwenda mahakamani."

"Ni kwa ajili yako, mjinga wewe. Tunaanza saa nane kamili. Wote wanane, dakika arobaini na tano, na jina lako litaandikwa kwenye ubao wa mnarani. Philippa ndiye kiongozi." Akageuka kuangalia chumba. Akaangalia dirisha. Akakigusa kioo kwa kucha, ti, ti. "Rolly, utasikiaje humu?"

Mimi nilikuwa nakata ule mkate, na kisu kikasimama katikati.

"Nitasikia," akasema Roland. "Nenda. Usichelewe kamba yako."

Hedley alipotoka nikakaa kitandani. "Ulijua wanakupigia?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Umechagua hoteli mlangoni pa Oswin, nikadhani Hedley kakuambia."

"Na jana? Ulipoona hiki chumba?"

"Ulikuwa umehangaika sana," akasema. Akavuta pumzi mbili tatu za mtungi. "Lakini kweli, Gaynor, hata jeneza halina vioo vitatu."

Nikacheka mpaka nikalia. Halafu nikashuka mbio mapokezi.

Vyumba vya mbele vyote vilikuwa vya wageni wa harusi, watu wa Leicester, waliokuja kula na kucheza ukumbini. Imogen alikuwa tayari kumgongea yule bwana wa namba tatu amwombe nusu saa tu. Nikapanda kumwambia Roland.

"Asigongewe mtu," akasema. "Mtu yuko harusini, unamletea maiti chumbani?"

"Wewe si maiti."

"Bado. Nitoe nje. Pale mbele ya mlango panatosha."

Sasa kumtoa Roland nje haikuwa kazi ya dakika. Soksi peke yake pumzi tano. Mtungi ulikuwa unakaribia kuisha, nikafungua mwingine kwa spana, na spana inateleza. Saa ya ukutani ikagonga nane. Tulitazamana. Hatukusikia kitu. Kule nje kengele nane zilikuwa zinapigwa kwa ajili yake, mita sitini labda, na humu ndani kulikuwa na mlio wa mtungi tu, ssss.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani kengele ni kengele, ukikosa hizi utasikia nyingine. Hizi hazipigi wimbo. Watu wanane wanabadilishana zamu ya kugonga, na mpangilio haurudiwi hata mara moja mpaka mwisho. Hakuna karatasi, yote yako kichwani. Mmoja akipotea na kiongozi akashindwa kumrudisha, anapaza sauti "Simama!" na kazi yote imekufa pale pale. Sikia tangu mwanzo au usisikie, ukiingia katikati ni kama kusomewa barua kuanzia ukurasa wa nne. Lakini Roland alisema hata ukurasa wa mwisho unamtosha.

Kwenye lifti tukakuta wanapandisha wapambe watano wa bibi harusi na magauni yao. "Samahani sana!" wakasema. "Hamna shida!" nikasema. Hamna shida! Mdomo wangu huo. Ikapanda, ikashuka na mama mmoja aliyesahau kofia, ikapanda tena. Roland alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu pumzi. Saa nane na dakika thelathini na tano.

Tulipofika chini nilizisikia kwa mbali, kupitia mlango uliofungwa. Roland akanyoosha shingo kama mtoto. Imogen akakimbia kushika mlango, akaufungua wote, na sauti ikaingia kama maji.

Nilihesabu baadaye, nadhani zilikuwa sekunde kumi. Uso wake ulifunguka. Midomo ilikuwa inafuata, saba, tano, nane, saba. Halafu kengele mbili zikagongana, pamoja, vibaya, kama sahani zimeanguka. Zikagongana tena. Kisha moja moja zikaacha. Njiwa wakarudi mnarani.

"Wamepotea," akasema Roland. "Ni Hedley, ile ni kengele yake, ya tano."

Nilimwacha na Imogen nikavuka barabara. Philippa alikuwa anatoka kwenye mlango mdogo wa mnara, amevaa koti tayari. Nikamwambia Roland yuko pale mlangoni, mnaona kile kiti, pigeni tena, hata robo saa.

"Gaynor, mama, natamani," akasema, na nilimwona kweli anatamani. "Wawili wangu wanakwenda kupiga kengele za harusi kijijini Nettleham saa tisa, wameshachelewa. Watu sita hawatoshi kwa mpigo ule. Kesho tunapiga kabla ya ibada, saa tatu na nusu. Tutapiga vizuri. Mtoe hapa nje, mfunike blanketi."

Hedley alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiwe nyuma yake, tai imelegea. Hakuniangalia usoni.

"Nilikuwa nawaza lile dirisha," akasema. "Nikawaza anasikia, hasikii. Nikasahau niko wapi."

Nikamwambia si kosa lake. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Ile baridi ya mlangoni, au ile kazi ya kushuka, sijui. Saa kumi na moja Roland alikuwa na homa. Nesi wa mtaa alikuja, mwanamke mpole mwenye baiskeli, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akanitoa koridoni.

"Hospitali ameshakataa?"

"Ameshakataa tangu kiangazi."

"Basi asihamishwe. Si kwenye kiti, si kitanda kingine. Ukimwinua tu, atakwenda mikononi mwako." Akanishika bega. "Ni chumba kizuri, angalau. Kuna utulivu."

Roland aliongea mara moja tu baada ya hapo. Aliuliza kama Hedley kala. Nikamwambia kala. Sikujua kama kala.

Asubuhi ya Jumapili hakuamka, lakini alikuwa anapumua. Pumzi moja, halafu kimya mpaka unadhani basi, halafu nyingine. Nesi alikuwa amesema usikivu ndio unaoondoka mwisho, kwa hiyo nilimwongelesha. Nilimwambia habari za Baba na mguu wake. Nilimwambia Lorraine nitamnyonga. Jua liliingia kupitia vioo vitatu, likatua kwenye blanketi, na hakuna sauti hata moja iliyokuja nalo.

Saa tatu na robo nilishuka. Mapokezi alikuwa kijana mpya, Imogen alikuwa kalala kwao. Nikamwomba mtu wa kufungua dirisha la kumi na nne. Akaniambia kwa heshima kubwa kwamba jengo ni la kale, linalindwa, dirisha lile haliguswi bila barua ya halmashauri. Nikasema ahsante. Nilisema ahsante, halafu nikapanda.

Saa tatu na nusu ilipogonga nilichukua ile spana ya mtungi.

Sijawahi kuvunja kitu cha mtu maishani mwangu. Kwanza nilivuta pazia juu ya kitanda cha Roland ili vipande visimfikie. Nikapiga. Kioo cha kwanza kikapasuka kama barafu. Cha pili kikanikata kiganja. Cha tatu kilikataa mara mbili, nikakipiga kwa mikono yote miwili, kikaenda nje kizima kizima na kuvunjikia chini huko.

Hewa ikaingia. Na pamoja na hewa ukaingia mngurumo.

Sikuelewa kwa muda. Nikatoa kichwa. Chini yangu kabisa, kwenye ukuta ule ule, kulikuwa na feni ya jikoni, kubwa kama gurudumu la trekta, inatoa moshi wa nyama ya nguruwe na mayai ya wageni wote wa harusi. Ndiyo maana vioo vilikuwa vitatu. Nilitega sikio mpaka shingo ikauma. Labda kulikuwa na kitu nyuma ya ule mngurumo, kitu cha shaba, kinakuja na kupotea. Labda ilikuwa damu yangu masikioni.

Nyuma yangu Roland alivuta pumzi. Nikangoja nyingine.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Niliona kiwiko cha mpishi, kofia nyeupe inapita, inarudi. Niliita mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikainama nje mpaka tumboni, kioo kinanichoma, nikaita kwa ile sauti ninayowaitia watoto mia nne.

"Jamani! Samahani! Samahani kuwasumbua! Zimeni hiyo feni, tafadhali, dakika tano tu! Tafadhali!"