Vitambaa vya Waceke

Agneta alimwambia mumewe mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu alimwambia akiwa ameshika mwiko.

"Lornah atavaa kitambaa, Baba Lornah. Kama hutaki, niue kwanza, halafu umpeleke shule mwenyewe."

Gordon Ouma alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, na hakuzoea kuambiwa jambo mara tatu. Alimzaba kofi lililomtupa juu ya mtungi. Mtungi ulipasuka, maji yakatapakaa chumba kizima. Majirani wa Kaloleni walisikia na wakanyamaza, maana wiki ile ni nyumba gani iliyokuwa haina ugomvi uo huo?

Mwaka wenyewe ulikuwa wa sitini na tisa, na homa ilikuwa imeingia Kisumu. Wengine walisema imeletwa na meli kutoka Uganda, wengine wakasema imekuja na garimoshi kutoka Mombasa. Ilikotoka ilikotoka, ilipofika ilikaa. Ilianza kama mafua tu, kisha ikashuka kifuani, na mtoto mwenye kifua kibovu haikumpa nafasi. Shule ya misheni karibu na soko la Kibuye ilikuwa imeshazika wanafunzi wawili. Ndipo mwalimu mkuu, Bwana Masinde, Mluhya mmoja mkavu asiyejua kubembeleza mtu, akawaita wazazi na kutangaza kwamba kila mtoto atafunikwa mdomo na pua kwa kitambaa cheupe hadi homa ipite. Asiyevaa asije.

Lo, mkutano ule! Mzee mmoja alisema mtoto akizibwa pua atarudishiwa uchafu wake mwenyewe kifuani. Mama mmoja akamwambia afadhali uchafu kuliko udongo. Akatukanwa, naye akatukana, kiti kikarushwa. Kilimpata Bwana Masinde kwenye paji la uso. Mwalimu akatoa leso, akajifuta damu, akasema, "Sheria ni hiyo hiyo," akaketi.

Gordon hakurusha kiti. Alisimama nyuma kabisa akauliza swali moja.

"Nani anashona hivyo vitambaa?"

"Waceke, mama Kinyua. Yule fundi wa Kibuye."

"Mkikuyu?"

 Tangu mwezi wa saba, tangu risasi ile ya Nairobi iliyomuua waziri wao, na aliyeshtakiwa akawa Mkikuyu, neno hilo lilikuwa halitamkwi Kisumu bila watu kuangalia mlango. Wakikuyu wengi walikuwa wameshafunga maduka na kupanda garimoshi. Waceke hakwenda. Alikuwa mjane, alikuwa na cherehani na mwana mmoja, na alisema huko Nyeri hana hata mahali pa kuweka kiti.

"Mimi mtoto wangu hafungwi mdomo na Mkikuyu," Gordon akasema, na watu wengi wakapiga makofi.

Agneta hakupiga makofi. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa chini ya udongo huko Seme, karibu na Kombewa. Alikuwa amezaa watoto watatu. Wawili walikwenda na kifua, mmoja akiwa ananyonya, mwingine akiwa anajua kuhesabu vidole vyake. Aliyebaki ni Lornah, wa darasa la tatu, ambaye pumzi zake usiku zilipiga filimbi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Lakini wazazi ni wawili, na kila mmoja anaujua kwa njia yake. Wote wawili walipokufa, ni Gordon aliyewafunga taya. Alichana kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya kidevu, akakifunga fundo juu ya utosi ili mdomo usikae wazi maiti ikikauka. Hivyo ndivyo watu wake walivyofanya. Tangu hapo mwanamume yule hakutaka kuona kitambaa cheupe karibu na uso wa mtoto, na badala ya kusema hivyo, alipiga. Laiti angesema! Mkewe angemwelewa. Lakini Gordon ulimi wake ulikuwa mkononi.

Asubuhi baada ya mtungi kuvunjika, Gordon alipokwisha kwenda bandarini, Agneta alimshika Lornah mkono akampeleka hadi mlango wa darasa. Alimwambia Bwana Masinde, "Mfungeni mtoto wangu kama wengine. Baba yake ni shauri langu." Kisha akaenda kwenye meza yake Kibuye, akamwaga ngege wake, akaanza kuwapara magamba. Shavu lilikuwa limemvimba, na kila mteja aliyelitazama mara mbili aliuziwa samaki wa jana.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, kwa maana watu wa Kisumu bado wanasema lilikuwa uchawi, na halikuwa uchawi hata kidogo. Waceke alikuwa fundi mzuri, na alijua watoto wanavyocheza. Alijiuliza, kitambaa cha kufungwa masikioni si kitaanguka wakianza kukimbizana? Kwa hiyo akashona kila kitambaa na utepe mrefu. Utepe ulipita chini ya kidevu, ukapanda mashavuni, ukafungwa fundo juu ya utosi. Alikwenda shuleni mwenyewe akawafunga mmoja mmoja, akiwapigapiga mabegani. Waceke hakuwahi kuona maiti ikifungwa. Kwao, zamani za wazee wake, maiti haikuguswa ovyo, na hata mumewe alipokufa aliletewa akiwa tayari kwenye sanduku lililopigiliwa misumari. Angejulia wapi?

Saa sita kengele ikalia. Watoto wa shule nzima wakatoka kwenda nyumbani kula, na njia yao ilikatiza katikati ya soko.

Lornah alifika kwa mama yake kabla ya wenzake. Agneta alimtazama, na kisu kikamsimama mkononi.  Alimwona mwanawe amesimama juani, amefungwa taya.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mama Kinyua," Lornah akajibu kwa sauti ya ndani ya kitambaa. "Ili kisianguke."

Akili ya Agneta ilirudi upesi. Alielewa yote palepale, akataka hata kucheka. Jambo dogo! Lifunguliwe fundo, utepe ufungwe kisogoni, basi. Akakiweka kile kisu mezani, akaanza kufungua, lakini vidole vilikuwa na utelezi wa samaki na fundo lilikuwa la fundi.

Ndipo muuza viazi akapiga nduru.

Nduru ya msiba Kibuye haiulizwi, inapokelewa. Akapokea mwingine, na mwingine, hadi soko zima likawa linalia, kwa kuwa kila aliyeinua macho aliona watoto wa watu wanakuja kwa mstari, weupe usoni, wamefungwa kama wanaokwenda kulazwa makaburini. Mwanamke mmoja alimwona wake akaanguka chini. Mwanamume akapaza sauti: "Mkikuyu amewashonea watoto wetu sanda!"

Basi. Maneno hayo yalitosha.

Banda la Waceke lilikuwa meza mbili tu kutoka kwa Agneta. Walilifikia kwa mawe kwanza, kisha kwa mikono. Cherehani ilibebwa juu juu ikatupwa barabarani, ikakanyagwa. Waceke alitolewa kwa nywele. Alikuwa anauliza, "Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?" na hakuna aliyemjibu, kila mmoja akimpiga kwa alichonacho, huyu rungu, huyu kiatu. Mkono wake wa kushonea ulivunjwa juu ya gogo la mchinjaji, na Agneta alisikia ulivyovunjika.

Agneta alichukua kisu chake akaingia. Hakuwa shujaa, alikuwa amekasirika tu. Alimkata mtu mmoja kiganja, akamchana mwingine shati na ngozi iliyokuwa chini yake, akasimama juu ya Waceke akapiga kelele: "Ni utepe! Wajinga nyinyi, ni utepe! Unafunguliwa! Tazameni mtoto wangu, anapumua!"

Na wengine wakatazama. Mawe yalikuwa yanaanza kushuka mikononi, kweli kabisa. Lornah alikuwa amesimama kando ya meza ya samaki, macho yamemtoka, akipumua kwa filimbi yake ile ile. Kwa kitambo kidogo lilikuwa jambo la kumalizika kwa kelele na aibu tu.

Lakini mtu alikuwa amekimbia bandarini, na Gordon Ouma akafika.

Hakumwona mkewe wala hakumwona Waceke pale chini. Alimwona Lornah. Huyo alikuwa mtoto wa mwisho, na taya lake lilikuwa limefungwa kama alivyowafunga wale wawili kwa mikono yake. Gordon alitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa mwanamume, akaruka, akashika lile fundo la utosini, akalivuta kwa nguvu zake zote za kubeba magunia.

Fundo halikuachia. Utepe uliteleza kwenye kidevu ukaingia kooni. Akavuta tena, na mtoto akainuka kutoka ardhini.

"Unamnyonga!" Agneta akapiga kelele. "Gordon, unamnyonga!"

Hakusikia. Alikuwa analia na kuvuta. Miguu ya Lornah ilirusha vumbi, mikono ikakwaruza koo, uso ukaanza kubadilika rangi. Agneta alifika kwao, akapenyeza kisu chini ya utepe karibu na sikio la mwanawe, akakata. Utepe ukakatika. Lornah akaanguka mchangani, akakohoa, akavuta pumzi ndefu yenye mlio.

Gordon alibaki na kile kipande mkononi. Alikitazama. Alimtazama mtoto, na uso wake ukalegea wote kama wa mtu aliyeamshwa. "Mama Lornah," akasema taratibu, na akanyoosha mkono kumwelekea Lornah.

Ulikuwa mkono wa kumwinua au wa kumnyakua? Agneta hakungoja kujua. Aliona mkono ule tu, mkono wa jana, mkono wa miaka yote, ukimwendea mtoto wake wa pekee. Kisu kilimwingia Gordon chini ya kwapa, hadi kwenye mpini. Alikaa chini polepole. Alisema, "Yaye," kana kwamba amejikwaa, na damu ikamtoka kwa wingi hata wale waliokuja na mawe wakarudi nyuma. Alikufa wakimtafutia mkokoteni wa kumpeleka hospitali.

Mahakamani Waceke alikuja na mkono uliofungwa kwenye ubao. Alikula kiapo mbele ya Mungu, akasema aliona kila kitu akiwa pale chini. Mama Lornah alikuwa anakata utepe ili kumwokoa mtoto, mumewe akavuta, kisu kikateleza. Ni mara moja tu, akasema. Mara moja. Hakimu alimuuliza Agneta kama ndivyo. Agneta akasema ndivyo. Soko zima lilikuwa limefumba macho siku ile, maana hakuna mwingine aliyejitokeza kusema ameona. Akafungwa miaka, lakini hakunyongwa. Waceke alipanda garimoshi la Nairobi jioni ile ile na hawakuonana tena.

Homa ilipita kabla ya mvua. Lornah hakuipata. Alichukuliwa na nyanya yake Adero, mama yake Gordon, akalelewa Kombewa katika boma lile lile lenye makaburi ya ndugu zake, na sasa la baba yake.

Adero hakumleta gerezani hadi alipokuwa msichana wa kumaliza shule ya msingi. Bibi mwenyewe alibaki nje ya lango. Agneta aliletwa akakaa kwenye benchi ng'ambo ya waya, akamtazama mwanawe. Alikuwa mrefu. Alikuwa na mabega ya Gordon. Agneta alitega sikio asikie ile filimbi, asiisikie.

"Kifua kikoje, mwanangu?"

"Kizuri."

"Usiku je?"

"Hata usiku."

"Nyasaye asifiwe," Agneta akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha, furaha kweli, kwa sababu ni hilo tu alilolitaka duniani na alikuwa amelipata. "Basi mengine yote si kitu. Nilikukatia ule utepe, ukapumua. Mengine Mungu anajua."

Lornah aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa njia nzima kutoka Kombewa, na sauti yake haikutetemeka.

"Nilikuwa chini pale, Mama. Nilikuwa ninaangalia juu. Utepe ulikuwa umeshakatika."

Askari jela alikohoa, akatazama saa yake. Agneta alishika waya kwa vidole vyote.

"Baba alikuwa ananiinua," Lornah akasema.