Alichoachiwa Yusra

Kila jioni baada ya magharibi, pale Sindeni, Bibi Zamda alimpa mjukuu wake Yusra kidonge na yai la kuchemsha, akimwambia ni dawa ya kifua. Husna, pacha wake, alipewa uji mtupu. Walikuwa na miaka kumi na mmoja.

Mama yao, aliyefariki wakiwa bado wananyonya, alianza kuja msimu wa kupukuchua mahindi. Aliingia kwa mlango wa uani, miguu ina vumbi jekundu, akamwamkia mama yake, akaketi mkekani ubavuni mwa Yusra mpaka mtoto ameze. Kisha akaondoka. Bibi alinung'unika kwamba mtu mzima haji kila siku bila kugusa hata gunzi.

Aliyeumia ni Husna. Tayari Yusra alikuwa na yai, na safari za kliniki Korogwe, kwa kuwa Handeni Bibi alijulikana mno. Sasa akawa na mama pia. Husna alijikohoza. Mama hakugeuka.

Jioni moja Yusra alipotoka kunawa, Husna alikimeza kile kidonge, akaketi mahali pa pacha wake. Mama alipoingia, akamtazama.

"Umemeza cha mwenzio?"

"Na mimi nina kifua."

"Huna. Wala yeye hana." Akamgeukia Bibi. "Mama, hujamwambia?"

Bibi aliendelea kupukuchua. "Bado mdogo. Akijua atasema, na akisema hatutaishi na watu hapa."

"Basi mpe kingine."

Bibi akatoa kingine koponi. Yusra aliporudi na kukimeza, mama akamwambia kwamba ana virusi vya UKIMWI, kwamba alivipata kwake alipomzaa, na kwamba dawa zinavifubaza. Akimeza kila siku atakua, atasoma, ataolewa akipenda.

"Nilikosa nini?" Yusra akauliza.

"Hukukosa kitu, mwanangu."

"Na mimi je?" Husna akadakia.

"Wewe huna."

"Tumezaliwa siku moja."

"Ndiyo. Lakini wewe hukupata."

Husna akalia. Jina la ugonjwa ule alishalisikia redioni, na alijua si kitu cha kutamani. Hata hivyo aliona mwenzake ameachiwa kitu cha mama, naye hakuachiwa hata kipande cha kanga.

Siku ya kliniki ilipofika, Bibi na Yusra walipanda gari la Korogwe. Nesi Deogratius akauliza kama mtoto ameshaambiwa.

"Bado mdogo," Bibi akasema.

Nesi akainama. "Yusra, hizi dawa unazomeza ni za nini?"

"Za kifua," akajibu, kama alivyofundishwa njiani.

Nyumbani, mama alikuwa ameshafika. Aliketi na Husna mkekani wakimsubiri Yusra. Mmoja hakuwa na dawa ya kumeza, mwingine hakuwa na dawa ya kumpa, na tangu alasiri hawakuwa wamepata la kuzungumza.