Jina Aliloandika Judica

Nikisikia mtu anasema kuhariri kamusi elezo mtandaoni ni mchezo wa watu wasio na kazi, natamani kumkamata mkono nimpeleke Gehandu, nikamwonyeshe Judica anavyokaa mlangoni kwa mama yake bila mtoto. Halafu arudie hayo maneno yake.

Mimi ni Benedikta. Kwetu ni Masieda, ila nafundisha sekondari huku Basotu. Jumamosi nawaelekeza wageni wa kamusi elezo, ile ya Kiswahili ambayo yeyote anaweza kuiandika: namna ya kufungua akaunti, kuweka chanzo, na kutokukasirika mtu akifuta kazi yako. Hilo la mwisho silifundishi vizuri, maana mwenyewe linanishinda.

Judica alikuja na jambo moja tu. Ameolewa kwa Wabarbaig wa huku tambarare, na baba mkwe wake alizikwa kwa bung'eda, kaburi la mzee wa heshima ambalo ukoo mzima hulijenga kwa udongo na miti kwa miezi, likapanda juu kama kichuguu. Sasa mwekezaji mmoja wa ngano alikuwa amepewa eneo lile, na trekta zilikuwa zinasogea. Wazee walisema pale pana kaburi. Mpima ardhi wa mwekezaji akawajibu kwamba yeye anaona udongo tu.

"Mwalimu, nataka liwe mtandaoni," Judica aliniambia. "Watu wajue pale kuna mtu."

Aliandika vizuri kuliko wenzake wote. Ila jina la marehemu hakuliweka. Mke wa Kibarbaig halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Nikamwambia aninong'oneze, niandike mimi. Aliniangalia kama nimemtukana. Mumewe, Gidahosh, alikuwa mbali na ng'ombe, kusiko na mtandao. Basi nikasema Jumapili nitakwenda bomani kwa shemeji yake Emanuel, kaka mkubwa wa mumewe, anitajie yeye. Nikamwambia asubiri.

Kabla ya Jumapili kufika, mkabidhi mmoja, wale wenye madaraka ya kufuta kurasa, akabandika tangazo: "Kaburi la nani? Ukurasa usio na jina la mhusika utafutwa." Ebo! Mtu amekaa mjini na chai yake, hajawahi hata kukanyaga huku kwetu Hanang! Nilimjibu kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Lakini Judica hakusubiri majibu yake wala Jumapili yangu. Trekta alikuwa anaziona kutoka mlangoni pake. Akaliandika jina mwenyewe.

Jamani, ule ukurasa ulikimbia! Ukaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, redio zikausoma, vijana wa vyuo wakapiga kelele. Mwekezaji akaona aibu, akaamuru trekta zipitie mbali, kaburi likapona. Emanuel mwenyewe akaja darasani kwetu na asali, anacheka, anauliza ni nani aliyeandika. Patriki, mwanafunzi wangu ambaye mdomo wake hauna breki, akabonyeza historia ya ukurasa, mahali ambapo kila badiliko linaonyesha aliyelifanya.

"Ni shemeji yako huyu, mzee! Hata jina la marehemu kaliweka yeye!"

Kicheko cha Emanuel kilikatika hapo hapo. Judica alirudishwa kwao Gehandu kabla jua halijazama, Gidahosh akiwa bado mbali na ng'ombe, na binti yake Sara akabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Nilimfuata Emanuel bomani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Judica hakulitamka jina. Aliandika tu."

"Mdomo na kidole si vya mtu mmoja?"

Hakunifokea, na heri angenifokea. Alikuwa na huzuni ya kweli. Mwishowe akanipa njia: Judica aje kwenye bung'eda mbele ya wazee, aape kwamba si yeye aliyeandika, kwamba simu yake ilishikwa na mtu mwingine. Aliposema "mtu mwingine" alinikazia macho.

"Niliishika mimi," nikasema.

"Basi aje aseme hivyo, arudi kwa mtoto wake."

Nilipanda bodaboda hadi Gehandu nikiimba njia nzima, mjinga mimi.

Judica alinisikiliza mpaka mwisho. "Nikaapie pale pale kaburini?"

"Neno moja tu, Mama Sara. Leo leo unalala na mwanao."

"Nimdanganye yeye?"

"Amekufa, Judica! Mwanao yuko hai, anakulilia!" Nilipiga kelele mpaka mama yake akatoka nje.

Yeye hakupandisha sauti. "Mwalimu, mimba zilipokuwa zinaniharibikia, watu walitaka nirudishwe kwetu. Huyo mzee akakataa. Akasema mimi ni mtoto wake. Nimeliandika jina lake ili trekta isimlime, na nilijua ninachofanya. Lakini nisimame pale juu yake nimwambie uongo? Siwezi."

Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, na Patriki, na yule mkabidhi, na nikamkasirikia hata mzee aliyelala kwenye udongo wake. Judica alingoja nimalize.

"Simu yako ina bando?" akaniuliza.

Nikampa. Akaufungua ukurasa, na upesi akaweka kidole gumba juu ya jina, asilione. Kwa mkono wa pili akaikuza picha ya kaburi aliyoipiga mwenyewe. Pembeni kabisa alikuwa amesimama Sara, miguu mitupu imejaa vumbi, kwa sababu siku ile ya kupiga picha mama yake hakuwa na mtu wa kumwachia. Judica alimtazama mpaka kioo kikazima, akaniomba nikiwashe tena.