Dumu Lisilosuuzwa

Nyumba ya wageni ya Frednand pale Ngara mjini ina mabeseni manne ya kuogea, yale marefu ambayo mtu mzima anajilaza ndani akanyoosha miguu. Yaliwekwa zamani, wakati wageni wa mashirika walipokuwa wengi, na tangu waondoke hakuna anayeyapenda ila Frednand mwenyewe. Maji ya pale yana kutu. Wakioga watu wawili tu, beseni limeshajichora mstari mwekundu, na Frednand akiuona mstari huo anagomba mpaka shingo inamvimba. Kazi ya kuyang'arisha ilikuwa ya Zita.

Zita alikuwa na pumu tangu utotoni. Mwezi wake wa kwanza kazini alitumia dawa ya klorini, na kila Jumamosi alirudi nyumbani Kirushya kifua kikipiga filimbi. Mama yake, Scolastica, alimsikiliza akikohoa na roho ikamuuma. Angeweza kumwambia aache kazi. Hakumwambia, kwa sababu Zita aliipenda kazi ile. Alijigamba kwamba katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayetembea na funguo kumi na mbili kiunoni. Basi Scolastica akaona kama ubaya uko kwenye dawa, yeye atatengeneza dawa nyingine.

Na kwa mambo ya ndizi, mama huyu usimchezee. Maji ya ndizi mbivu ukiyaacha yanakuwa pombe, na ukiisahau pombe inachacha na kuwa siki ambayo hata mlevi haigusi. Wengine huimwaga huku wakisonya. Yeye aliichuja kwa kitambaa, akaikamulia ndimu, akajaza dumu la lita tano. Halafu akachoma maganda ya ndizi makavu, akachekecha majivu yake mpaka yakawa laini, akayatia kwenye kopo. Akamwelekeza Zita kwamba aanze na majivu na kipande cha sabuni, asugue, kisha amwagie beseni maji mengi. Baada ya hapo ndipo apake siki kwenye mstari wa kutu na kwenye bomba la mvua lililoziba vitundu, aiache kwa muda wa kunywa chai, asugue tena. Madirisha awe ameyafungua, na majivu na siki visikutane, maana vinamalizana nguvu.

Kisha akamwekea sharti moja, nalo alilitoa kwa bibi yake aliyekuwa mpika pombe. Mtumbwi wa kukamulia ndizi, lile gogo lililochongwa, hauoshwi ukatakata, kwa kuwa ukiuosha umeosha na uchachu wake. Dumu nalo ni hivyo hivyo.

"Usilisuuze hata siku moja," alimwambia. "Yale masazo ya chini ndiyo yenye kazi. Chochote utakachomimina juu yake kitapata nguvu."

Mstari wa kutu ukatoka. Frednand akakosa la kugombea, jambo lililomsumbua kidogo. Kifua cha Zita kikatulia, akaanza kulala usiku kucha, na Scolastica akavimba kichwa, nani asingevimba? Kila aliyekutana naye kisimani alisimuliwa habari za siki yake.

Masika yale kukawa na semina mjini, vyumba vyote vikajaa, na Jumatano siki iliyobaki ikawa haitoshi. Frednand akanunua klorini ya unga, akamwambia Zita aikoroge upesi kabla wageni hawajarudi kuoga. Zita akaichukua na lile dumu la mama yake, ambalo chini lilikuwa limebaki na siki kama vikombe vitatu. Magdalena, mwenzake wa kazi, alimshauri alisuuze kwanza. Zita alicheka, akasema hayo masazo ndiyo yatakayoipa nguvu, akaingia bafuni kuikorogea humo humo dumuni. Dirisha la bafu lile lilikuwa limepigiliwa misumari tangu mwizi apite pale, na mlango aliurudisha ili watu wa semina wasimwone na kanga aliyoifunga kazini. Magdalena alipousukuma mlango, hewa ya ndani ilimchoma macho. Alimkuta Zita ameanguka, uso umelalia ukingo wa beseni.

Scolastica alifika hospitali asubuhi ya Alhamisi, matope mpaka magotini. Nesi alimweleza polepole, bila ukali, kwamba klorini ikikutana na kitu kichachu hutoa hewa yenye sumu, na haijalishi ni siki ya dukani, ya nyumbani au ndimu tupu. Kwa kifua cha kawaida ni hatari; kwa kifua cha Zita ilikuwa zaidi. Akauliza kama binti alipata kufundishwa kutumia vitu hivyo.

Frednand, aliyekuwa amesimama pembeni, alidakia kwamba ni uzembe tu, dumu halikusuuzwa, na Magdalena alimwonya.

Scolastica alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, halina hata urefu. Lakini Frednand alikuwa akimtazama, na nesi alikuwa akimtazama, na aibu ikamzidi. Alijiambia atamwambia Zita mwenyewe kwanza, wakiwa wawili, akipata nafuu. Akauliza tu mwanawe amelazwa wapi.

Saa sita mchana Zita alifumbua macho. Magdalena alikuwa ameketi kitandani upande wa miguu. Zita alisogeza ile barakoa ya oksijeni, na kila neno alilivuta kwa shida.

"Mama, nimewasikia wakisema ni mimi. Nilikosea wapi?"

"Usiongee, mwanangu. Pumzika."

"Nilifanya kama ulivyoniambia. Labda sikukuelewa." Akapumua. "Nisamehe, mama."

Hapo ndipo pa kusema. Scolastica aliliona neno lile tena, akaona na macho ya mwanawe yakimtegemea kama zamani, akaogopa kuyapoteza. Akafanya lililokuwa jepesi.

"Nimekusamehe," alisema, akairudisha barakoa mahali pake.

Ijumaa kabla jua halijawa kali, Zita alikata roho.

Walimzika Kirushya, nyuma ya nyumba, migomba ikidondosha maji ya mvua ya asubuhi. Frednand alipewa nafasi ya kuongea. Hakuongea vibaya, alilia hata. Alisema Zita alikuwa mchapakazi, ila vijana wana haraka, hawasikii wakionywa, na wengine waliopo wajifunze. Watu walitikisa vichwa wakimhurumia marehemu kwa kosa lake.

Scolastica akasimama.

"Hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyemkataza kulisuuza dumu lile. Nilimwambia masazo yanatia nguvu. Ni mimi niliyemuua, naye aliniomba msamaha, mimi, nami nikaupokea."

Kisha wanawake wawili wakamshika mabega, mmoja huku, mmoja huku, kwa upole mkubwa. Uchungu unamsemesha, walinong'ona. Mzazi lazima ajilaumu. Alijaribu kurudia, akayasema yote tena tangu mwanzo, mtumbwi na bibi na dumu, nao wakaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo," vile mtu anavyoitikiwa akiweweseka kwa homa.

Magdalena alipiga magoti mbele yake, uso umelowa.

"Usijisingizie, mama. Nilikuwepo mimi. Alikufa na amani, kwa kuwa ulimsamehe. Nilisikia kwa masikio yangu."

Habari ya msamaha ule ikapita mdomo kwa mdomo mpaka nje ya boma. Wakamkalisha mkekani, wakampa maji, na jioni nzima kila aliyeinama kumpa pole alimsifu kwa moyo wake wa kusamehe.