Nafasi ya Kidole

Katambuga mbili zilikuwa zimepigiliwa misumari juu ya ubao, moja mbele, moja nyuma, kana kwamba mwenyewe amenyakuliwa na malaika akaviacha viatu. Wanawake wa Ikola, kijiji cha ziwani, waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi wakaja kutazama. Mwenyewe alikuwepo, tena anatabasamu: Kashinje, fundi wa viatu vya matairi kutoka Kashaulili, mjini Mpanda, ambaye maji mengi aliyoyazoea ni ya kwenye karai la kulowekea mipira.

Mapenzi ndiyo yaliyomfikisha ziwani. Pudensiana, mjane aliyepeleka dagaa sokoni Mpanda, alinunua kwake jozi moja, akarudi kulalamikia kamba, akarudi tena bila lalamiko lolote. Fundi akaposa. Pudensiana akaridhia, ila neno la mwisho lilikuwa la kaka yake Abednego, mvuvi tangu hajaota ndevu.

"Dada yangu simpi mtu wa nchi kavu," Abednego alisema. "Siku mtumbwi ukipinduka, wewe fundi utamshonea nini?"

Kisha, kwa kejeli, akamwonyesha ubao. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1999 mzungu mmoja alikuja na ubao huo na tiara kubwa la kitambaa, akawa anavutwa na upepo juu ya maji huku amesimama wima. Homa ikamrudisha kwao, vitu akamwachia Abednego, mikanda ya miguu imeshakatika. Abednego alijaribu mara tatu, na mara tatu mawimbi yalimbwaga.

"Toka kwenye lile jiwe mpaka hapa mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, umesimama. Ukifika, mchukue."

Kashinje akaona hapo pana kazi ya ufundi tu. Tiara halikumtisha, mtoto wa Kisukuma aliyelima kwa maksai wanne haogopi kamba inayovuta. Tatizo ni miguu kuteleza, na miguu ndiyo riziki yake. Ndipo akapigilia zile katambuga, akajifunga, akakaza mpaka vidole vikafa ganzi.

Upepo wa alasiri ulikuwa umeyachafua maji. Mawimbi mafupi mafupi yaligongana kama mbuzi zizini. Tiara likapanda, Kashinje akainuka, akasimama, naam, kwa muda wa kutamka "Mungu wangu". Wimbi la kwanza alilipita, la pili likamlaza. Hapo ndipo viatu vilipoonyesha uimara wake. Tiara aliliachia, lakini ubao haukumwachia. Ukaelea umeng'ang'ania nyayo, miguu juu, kichwa chini, kama kuku anayepelekwa sokoni. Na maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni.

Pudensiana aliingia na kisu cha samaki, akakata kamba, akamkalisha juu ya jiwe akikohoa. Alikuwa ameogopa kwelikweli, na hofu yake ikatoka kwa ukali.

"Jozi uliyoniuzia mimi ulisemaje? 'Mama, acha nafasi ya kidole, mguu upumue.' Yako mwenyewe ndiyo umekaza hivi?"

"Niliogopa kuanguka."

"Mbele ya Abednego?"

"Mbele yako."

Pudensiana akatazama pembeni, akaanza kufuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu. Kashinje aliona haya. Tangu afike Ikola alikuwa amejikaza mwili mzima: shingo, magoti, hata salamu.

Siku tatu baadaye alirudi na kanda mbili pana za mpira wa tyubu, akazipigilia mahali pa zile katambuga. Mguu uliingia nusu, ukakandamiza, ukashika. Ukitaka kutoka, unatoka. Magoti akayalegeza kama mtu anayekaribia kukalia kigoda asichokiamini. Wimbi likija, analiacha lipite chini yake. Ubao uliruka, nyayo zikabaki. Bila kujijua alikuwa akipiga kelele za kuswaga ng'ombe, na huko mwaloni vigelegele vikamjibu.

Ila hakuna aliyemfundisha namna ya kusimamisha. Hatua ishirini kabla ya kufika upepo ukazidi, na mbele yake zikawa chanja za Pudensiana, zimejaa dagaa wa wiki nzima. Kando ya chanja Abednego amekunja mikono. Kufika amesimama ni kuzivunja zote. Kashinje akaachia tiara, akachomoa miguu, akaketi majini kama mtoto anayeogeshwa. Ubao ukaendelea peke yake, ukapanda mchanga, ukatulia miguuni pa Abednego.

"Ubao umefika," Abednego akasema. "Mtu hajafika."

Kashinje akatoka majini, nguo zimemganda. Sharti ni sharti. Pudensiana alisimama mbele ya chanja zake, zote nzima, akimtazama yeye tu.

Abednego akainama, akauvuta mkanda. Akavua ndala, akaingiza mguu, akautoa, akauingiza tena. Akalegeza magoti kidogo, mtu mzima, akiangaza kama kuna anayemwona. Wote walikuwa wanamwona.

"Wangu ni mpana," akasema hatimaye, akiunyoosha mguu. "Pima vizuri, shemeji."

Kashinje akapiga goti mchangani, maji yakimchuruzika puani, akauzungushia ule mguu uzi wa kupimia, akakaza; kisha akaulegeza uzi, akaacha nafasi ya kidole.