Teke la Saba Saba

Tangu asubuhi Jovita alimsihi mumewe asicheze. Mumewe alimwitikia kwa adabu zote, kisha akaenda kuazima viatu.

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka ule wa Azimio la Arusha, na Mwalimu Karugendo alikuwa amekuja Muleba, ukweni kwake, kusherehekea. Kwao Kanazi, alikofundisha shule ya msingi, hakuwa amegusa mpira tangu mtoto wao wa pili azaliwe, na mtoto huyo sasa alikuwa akichunga mbuzi. Lakini vijana wa Muleba walikuwa wametangaza mechi ya waliooa na makapera, na upande wa waliooa ulipungukiwa na mtu mmoja.

"Mkwe mzima nikae kwenye kiti kama mgonjwa, wenzangu wanaaibika?" alisema huku akikaza kamba za viatu.

"Utaumia, Ta Karugendo," Jovita alimwambia, akimwita Ta kwa heshima ya Kihaya.

"Niumie vipi? Chuoni nilikuwa winga. Waulize niliosoma nao."

Jovita alicheka. Alimpenda mtu huyu siku zote, lakini alimpenda zaidi alipokuwa mbishi kwa jambo dogo, kifua mbele, kaptura imembana kiunoni. Akamwacha aende.

Upande wa makapera beki alikuwa Mujuni, mdogo wake Jovita. Jovita ndiye aliyemlea mgongoni kwake, akimnyamazisha kwa ndizi ya kuchoma mama yao alipokuwa shambani. Kabla ya mechi Mujuni alikuja kumsalimia shemeji yake kwa heshima, akamwambia, "Leo, shemeji, nitakuchunga kama ng'ombe wa bwana harusi." Wote wakacheka, hata Karugendo.

Mpira ulikwenda vizuri kwa muda. Waliooa walikimbia kidogo na kupiga kelele sana. Kisha Jovita akageuka kupokea kata ya rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa jirani, na ni wakati huohuo, mgongo wake ukiwa uwanjani, aliposikia mlio. Pa! Kama mtu aliyevunja kuni kavu kwa goti. Alipogeuka, mumewe alikuwa chini, ameshika nyuma ya kifundo cha mguu.

"Nani kanipiga teke?" Karugendo alifoka. Akageuza shingo. Nyuma yake, karibu kuliko wote, alisimama Mujuni.

"Wewe!"

"Mimi? Shemeji, sijakugusa!"

"Nimesikia teke kwenye kisigino! Unaniona punda nisiyejua teke?"

"Naapa kwa Mungu, sijafika hata karibu yako. Uliondoka kukimbilia mpira, ukaanguka mwenyewe."

Mujuni akachuchumaa amsaidie kuinuka. Karugendo akausukuma mkono wake. "Usiniguse."

Watu wakagawanyika papo hapo. Waliooa walisema teke wamelisikia kwa masikio yao. Makapera walisema huyo mzee kajikwaa kwenye kitambi chake. Wote wawili, mume na ndugu, wakamtazama Jovita, na Jovita akabaki na kata ya rubisi mkononi. Hakuwa ameona kitu.

Nyumbani, Ma Felicitas, mama yake Jovita, alisimama mlangoni akitoa maagizo, maana si heshima mama mkwe kushika mguu wa mkwewe. Jovita ndiye aliyeufunga kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungini. Mguu ulivimba, lakini kesho yake Karugendo aliweza kuukanyagia, akichechemea. Akasema umeteguka tu, utapona. Wakapanda basi kurudi Kanazi. Mujuni aliwabebea mzigo hadi kituoni, akaupandisha juu ya basi, akasimama barabarani akiwaaga kwa mkono. Karugendo alitazama upande wa pili.

Uvimbe ulipungua, mguu haukupona. Karugendo hakuweza kuusukuma mwili mbele. Alitupa unyayo wote chini kama mtu anayetembea matopeni. Darasani hakuweza kusimama kwa vidole afike juu ya ubao, hivyo aliandika kuanzia katikati. Hasira yake nayo haikupungua. "Mtoto niliyemlipia karo," alikuwa akisema kila alipojigonga, akimaanisha Mujuni. Usiku Jovita alilala akiwaza. Mumewe hakuwa mwongo. Mdogo wake hakuwa mwongo. Lakini lazima mmoja wao alikuwa anadanganya, na yeye alikuwa na mioyo miwili ndani ya kifua kimoja.

Jioni moja alipokuwa akimwosha miguu, kidole chake kilizama. Juu kidogo ya kisigino, pale kwenye mguu mzima palipokuwa na kamba ngumu kama ya upinde, kwenye mguu mbovu palikuwa na shimo laini. Akapapasa tena mguu huu na huu.

"Ta Karugendo, kuna kitu hakipo hapa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kesho tunakwenda Bukoba."

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Mujuni akaingia uani akiisukuma baiskeli yake, amefungia nyuma mkungu wa ndizi. Alikuwa anakuja kumjulia hali shemeji yake, amelala njiani kwa rafiki. Karugendo alipomwona akainuka kutaka kutokea mlango wa nyuma, lakini mtu asiyeweza kusukuma kisigino hakimbii mbali.

Basi la asubuhi halikuja. Walingoja mpaka Jovita akachoka. Akaushusha mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, akatandika gunia juu ya keria.

"Panda," alimwambia mumewe.

"Nibebwe na huyu?"

"Na huyu. Au nikubebe mimi mgongoni, Kanazi nzima ione."

Akapanda. Mujuni akaisukuma baiskeli, Jovita akafuata nyuma kwa miguu, na barabara ikapita katikati ya vibanja vya migomba na kahawa iliyoanza kuiva. Milima ilikuwa mingi. Baiskeli ililalamika kila mlima.

"Jovita," Karugendo alisema hatimaye, "mwambie mdogo wako apunguze mwendo kwenye mteremko."

"Mujuni, shemeji yako anasema punguza mwendo."

"Dada, mwambie shemeji breki ni moja tu, na imechoka."

"Mwambie angesema kabla sijapanda."

"Mwambie hakuniuliza, hatuongei."

Jovita akafunika mdomo kwa khanga. Aliona mgongo wa mumewe umekakamaa, mikono imeshika kiti cha baiskeli, na shingo ya mdogo wake inamwagika jasho, na akatamani kuwakumbatia wote wawili na kuwachapa wote wawili.

Hospitalini Mujuni alibaki nje kulinda baiskeli. Ndani aliwapokea daktari mwanamke, Hemlata, aliyezaliwa hapohapo Bukoba katika familia ya Wahindi wenye maduka na kuongea Kihaya vizuri kuliko wengi walivyotegemea. Alimlaza Karugendo kifudifudi, miguu inaning'inia ukingoni mwa kitanda.

"Siku ile ulisikia nini, Mwalimu?"

"Teke. Nilipigwa teke kwa nyuma."

"Na ulipogeuka?"

"Nikamwona shemeji yangu."

Daktari alitabasamu. Akalibana kwa mkono shavu la mguu mzima. Unyayo ukainama wenyewe, kama mtu anayeitikia salamu. Akaubana mguu mbovu vilevile. Unyayo haukutikisika. Akamwita Jovita, akamfanya abane yeye mwenyewe. Hakuna kitu.

"Misuli hii ya shavu la mguu," daktari alisema, "imefungwa kwenye mfupa wa kisigino kwa kano moja. Ndilo kano nene kuliko yote mwilini. Ukitembea, ukiruka, ukisimama kwa vidole, linavuta kisigino juu. Lako limekatika. Hutokea sana kwa wanaume wa umri wako, waliokaa muda mrefu bila mazoezi, halafu siku moja wakachomoka mbio ghafla. Hupiga mlio. Na mwenye kukatika husikia hasa kama amepigwa teke." Akamfunika mguu. "Waliokuja kwangu na jeraha hili waligeuka kumtafuta aliyewapiga. Hakuna aliyempata, Mwalimu. Wewe tu ndiye uliyempata."

Karugendo alilaza uso kwenye mto. Jovita aliona masikio yake yanabadilika rangi. Kifua chake mwenyewe kikalegea ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Machozi yakamjia, na kicheko nacho kikamjia, asijue atangulize kipi. Hakuna aliyekuwa amedanganya.

Walimfunga plasta kutoka chini ya goti, vidole vikielekea chini ili ncha za kano zikutane. Daktari akaonya kwamba atakaa nayo wiki nyingi, na baadaye atavaa kiatu cha kisigino kirefu, kisha mazoezi polepole, asiharakishe.

Nje, Mujuni aliinuka alipowaona. "Wamesemaje, dada?"

Jovita aliona hilo si lake kusema. Akamtazama mumewe.

"Jovita, mwambie..." Karugendo alianza. Akakohoa. Akaegemea magongo aliyopewa. "Hapana. Mujuni. Hakuna aliyenipiga teke. Kano limekatika lenyewe. Nilikusingizia mbele ya watu wenu, ukanibeba, na bado nikawa nakusingizia moyoni mlima wote ule."

"Nilijua, shemeji. Nilisikia ulivyopumua."

"Mbona hukusema kitu?"

"Tulikuwa hatuongei."

Karugendo akacheka mpaka gongo likamponyoka. Mujuni akaliokota, na safari hii mkono wake ulipokelewa. Kisha akamgeukia Jovita, sauti imeshuka. "Na wewe, dada? Uliniamini?"

Jovita angeweza kumfurahisha. "Sikuona, Mujuni. Nilikuwa nimegeuka. Niliwaamini wote wawili, na ilinitesa."

Mujuni akafikiri. "Basi ni sawa," alisema. "Ungemwacha huyu ukaniamini mimi peke yangu, ningekuhurumia. Unaishi naye."

Ulikuwa msimu wa kahawa, na mwenye shamba alikuwa kwenye kiti. Mujuni akakaa Kanazi. Alichuma, akaanika, akageuza kahawa kwenye majamvi, akakata migomba iliyoangushwa na upepo, huku Karugendo akimwelekeza kutoka kivulini kama bwana shamba. Majirani waliopita walitaniana naye: tangu Azimio, kila mkutano yeye ndiye aliyesimama kuwaeleza watu siasa ya kujitegemea.

"Kujitegemea gani huku, Mwalimu?"

"Muulizeni shemeji," Karugendo alijibu. "Mimi namtegemea yeye, naye ndiye anayejitegemea."

Mujuni alirudi Muleba kahawa ilipokwisha. Plasta ilikuwa imetolewa. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa kijana, na Karugendo alitembelea fimbo. Jovita alimwambia aage hapohapo uani. Hakusikia. Alimsindikiza shemeji yake kwenye kijia cha migombani, taratibu, fimbo mkono mmoja na mkono mwingine begani kwa Mujuni aliyekuwa akisukuma baiskeli. Walipofika barabarani wakasimama. Jovita aliwaona wakiongea, wakicheka, mmoja akimwonyesha mwenzake kitu kwa mguu, pengine winga anavyomtoka beki. Alingoja aone wakiagana. Hawakuagana. Akaingia ndani kubandika ndizi nyingine jikoni, na za Mujuni humohumo.