Kioo Kipya cha Baiskeli ya Mwalimu Vicky

Habari zilimkuta Subira yuko kwenye kinu, tena zililetwa na Mwanamina, jirani yake, mtu ambaye neno likimwingia sikioni halilali mpaka limepata pa kutokea.

"Shoga, weka mchi chini. Mumeo kabebwa."

"Kabebwa? Kaanguka?"

"Angeanguka ingekuwa afadhali! Kabebwa na Mwalimu Vicky kwenye ile baiskeli yake ya umeme. Mwalimu mbele kashika usukani, Nurdini nyuma kwenye keria, kidevu kakiweka hapa." Akajipiga bega. "Wauza mihogo wamempigia vigelegele kama bibi harusi."

Subira akacheka, kwa kuwa Mwanamina alikuwa anamtazama usoni. Jirani alipoondoka, Subira aliushika mchi akautwanga ule unga uliokwisha kuwa laini mpaka mtoto wake mgongoni akaamka akilia.

Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na malori ya kutoka Dar yalishusha Kibiti vitu ambavyo hata walioviuza hawakujua vinaliwa au vinavaliwa. Baiskeli ya Mwalimu Vicky ilikuja hivyo hivyo, mtumba wa Japani, kaka yake kamtumia. Ilikuwa na mota na betri, na kwenye usukani kioo kidogo cha kuonyesha mwendo na, kwa vijiti, chaji iliyobaki. Kile kioo kilikufa mapema. Kikaletwa kingine, cha aina nyingine, nyaya zake rangi tofauti kabisa. Mafundi wawili wa sokoni walikitazama wakakirudisha. Nurdini, mume wa Subira, akakipokea. Akakihangaikia siku kadhaa, akila huku anakiwaza, mpaka kikawaka.

Hilo Subira alilijua, na halikumuudhi. Lililomuudhi ni keria. Kibiti keria ya baiskeli ni mahali pa mke; mwanamume akikupakia watu wanajua wewe ni nani kwake. Sasa mwanamume mwenyewe kupakiwa, tena na mwanamke, tena asiye wake, hilo lilikuwa halijapata jina. Na angekuwa mwanamke mwingine! Mwalimu Vicky ndiye aliyemfundisha Subira madarasa ya jioni mpaka mimba ilipomlemea. Kucha zake safi, sauti yake ya taratibu, hata anavyofuta ubao: vyote Subira alivipenda, akatamani viwe vyake. Leo vimeingia nyumbani kwake kwa mlango wa uani.

Adhuhuri Nurdini alirudi akiikokota baiskeli, akaiegemeza barazani. Uso wote ulikuwa meno.

"Mama Mwantum, kimeonyesha! Vijiti vitano. Tumepanda kile kilima, kikazimika kimoja tu. Alasiri tunakwenda Mtawanya, kwenye mchanga, nijue kama kinasema kweli."

"Mnakwenda nani na nani?"

"Mimi na Mwalimu. Betri haijulikani nguvu zake mpaka ibebe watu wawili."

"Si umbebe wewe basi."

"Anataka kuizoea mwenyewe. Ataangalia njia, mimi nisome kioo."

"Kwa kidevu?"

"Kidevu gani?" Nurdini akacheka, akanawa, akakaa kula. Kati ya tonge na tonge akasema, "Mwalimu anasema Kibiti nzima hakuna fundi kama mimi." Akameza. Akalisema tena, pole pole, kama mtu anayeonja.

Alipokwenda msikitini, Subira aliingia ndani akakunja nguo za mtoto. Aliapa moyoni: Nurdini akipanda keria ile alasiri, yeye atashika njia ya Nyamisati, apande boti arudi kwao visiwani, na Mwantum wake mgongoni. Akazifunga zile nguo kwenye mtandio. Lakini machozi yalimtoka, maana safari yenyewe hakuitaka. Alichotaka ni mumewe asiende Mtawanya.

Akatoka barazani. Baiskeli imesimama, nzuri, shetani. Mbele ilikuwa na taa kubwa ya pikipiki, ambayo Mwalimu alitaka afungiwe kwa ajili ya kurudi jioni, nayo ilikula betri ile ile. Subira akabonyeza swichi. Taa ikawaka, na mchana ule wa jua kali mwanga wake haukuonekana sana, lakini hata hivyo aliifunika kwa kanga aliyoitoa kwenye beseni la kufulia, imelowa. Akachuchumaa mbele ya kioo akinyonyesha. Kijiti cha nne kilichukua muda mrefu kuzimika. Cha tatu na cha pili havikumchelewesha. Kila kimoja kilipokwenda, kifuani kwake paliingia ubaridi mtamu, kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi. Kanga ilipoanza kutoa harufu ya pasi, akazima, akaanika nguo zake kama kawaida.

Alasiri Mwalimu Vicky alifika na kofia yake ya ukili. "Hamjambo hapa? Subira, mtoto kakua jamani!" Kisha akainama kwenye usukani, na sauti ikabadilika. "Fundi. Kijiti kimoja?"

Nurdini alikuja mbio kutoka njia ya msikitini. "Haiwezekani. Betri imelala kwenye jenereta la kibanda cha video usiku kucha."

"Basi kioo kibovu. Au umekiunganisha ovyo."

"Mwalimu, asubuhi si uliona mwenyewe?"

"Niliona ulichonionyesha. Ningejua ningeipeleka Dar kwa watu wanaojua kazi. Huku mtu akishika bisibisi tu, fundi!"

Watu wakasogea. Nurdini alipiga magoti mchangani, akafungua skrubu, akafunga, akafungua zile zile tena. Masikio yalikuwa yamemwiva. Subira alisimama mlangoni akimtazama yule mwalimu, mkono kiunoni, anavyomsema mumewe kama mtoto aliyekojoa darasani. Hapa hapana mapenzi, akaona. Mwanamke hamsemeshi hivi mwanamume anayemtaka. Alipaswa kufurahi. Badala yake alitoka mlangoni akasogea.

"Kioo kizima, Mwalimu," akasema. "Kinasema kweli. Betri nimeimaliza mimi. Nimewasha taa tangu adhuhuri."

Nurdini aligeuka, bado kapiga magoti. Mwalimu ndiye aliyeuliza: "Kwa nini?"

"Msiende Mtawanya."

Mwalimu Vicky aliitazama keria, akamtazama Nurdini. Halafu akajishika kifua, akacheka kicheko cha kweli. "Subira! Unanionea wivu mimi? Kwa huyu?"

"Huyu ana nini?"

"Sikusema ana kitu, mdogo wangu..."

"Hapana, sema. Huyu ana kasoro gani hata asitakiwe?"

"Mwambie, shoga!" Mwanamina akadakia kutoka uani kwake, na watu wote wakaangua kicheko, isipokuwa watatu.

Mwalimu aliinamisha kofia. "Fundi, nimekuvunjia heshima. Samahani." Akaondoka na baiskeli yake akiipiga pedali, nzito kama kinu, mpaka akapotea nyuma ya mikorosho.

Ndani, Nurdini alikaa kitandani, akauona mtandio uliofungwa. Akautomasa.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kwetu."

Akauweka kando. "Umemaliza betri ya watu."

"Najua."

"Umenifanya nichekwe na watu."

"Walishakucheka asubuhi, Baba Mwantum."

Aliangalia mikono yake. "Nitakwambia kweli. Pale kwenye keria nilipapenda." Subira akauvuta mtandio kwake. "Si yeye. Kusifiwa. Mwezi mzima humu ndani nasikia sabuni imekwisha, chumvi imekwisha."

"Na mimi nasifiwa na nani?" Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nasikia kioo, kioo. Hata mtoto anavyotambaa hujaniuliza."

"Anatambaa?"

"Tangu juzi."

Nurdini akamtazama binti yake chini, aliyekuwa anaelekea bisibisi kwa magoti, akaiwahi. Akampakata. Hawakuombana radhi. Subira aliufungua mtandio, akaanza kuzitoa nguo moja moja, akauliza bila kumtazama:

"Zile nyaya rangi hazifanani. Ulijuaje ipi na ipi?"

"Unataka kujua kweli?"

"Sitaki. Nieleze."

Akaeleza, mtoto pajani, akichora hewani kwa kidole. Kwanza kwa kusitasita, halafu kwa moto. Alipofika waya wa tatu Subira alikuwa bado ana wivu. Safari tu ndiyo hakuwa nayo tena.